Mwanangu hasikii ninapomwita

SWALI: Mwalimu, assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 5 na imethibitishwa kuwa ana usonji. Nikimwambia avae makubadhi twende chuoni, huendelea kuzungusha kifuniko cha sufuria kana kwamba sikusema neno, na bibi yake humwita mkaidi. Nimeshauriwa nitumie picha, lakini nachelea zisije zikamfanya asizungumze kabisa. – Mama, Kisauni

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Hofu yako wanayo wazazi wengi, ila tafiti hazijaonyesha kwamba picha humzuia mtoto kusema, na wapo ambao maneno yao huongezeka. Kama masikio yake hayajapimwa, yapimwe kwanza.

Neno likishatamkwa limetoweka, na mtoto anayehitaji muda kulipambanua hubaki mikono mitupu, ilhali picha humngoja. Ndiyo maana TEACCH, mpango wa kuwafunza na kuwasaidia watu wenye usonji ulioasisiwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, hutegemea sana ratiba za picha.

Piga picha ya makubadhi yake mwenyewe, si kiatu cha kuchorwa cha intaneti, na nyingine ya kile kifuniko. Zifunike kwa selotepu pana, maana unyevu wetu wa pwani hukunja karatasi kwa siku mbili, kisha uzibandike ubaoni: kwanza makubadhi, halafu kifuniko. Chutama kando yake, isogeze kadi mahali macho yake yalipo, sema "makubadhi" mara moja tu, kisha unyamaze ukihesabu kimoyomoyo hadi 10. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa, kwa kuwa kila "vaa, nimesema vaa, hunisikii?" ni mzigo mpya juu ya ule ambao hajautua. Akishavaa, aitie kadi mwenyewe katika bahasha ya vilivyokwisha, nawe umpe kifuniko chake bila kuchelewa. Ikiwa picha bado haimwambii kitu, mkabidhi kubadhi lenyewe.

Usimlazimishe kukutazama usoni, kwani watoto wengi wa aina yake husikiliza vyema zaidi wakiangalia kwingine.

Huko chuoni, mwombe maalimu aweke mbele yake safu fupi ya kadi, yaani mkeka, kusoma, maji na nyumbani, ili aone kikao kinaishia wapi. Na bibi yake mpe kadi ya makubadhi aishike yeye asubuhi moja, wewe ukiwa jikoni.