Maswali ya wasomaji: mchanga, mawe, mto na tope, yote kwenye safari moja ya fowili

Safari hii barua nyingi zimekuja na kilio kile kile, watu wana gari la fowili, yaani linalosukumwa na tairi zote nne, wanataka kutoka nje ya lami, na njia wanayoitamani haina ardhi ya aina moja. Nimechagua nne. Hiyo ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ukiielewa hiyo, nyingine zote zinakuwa nyepesi.

Habari za kazi mkuu. Mimi na mke wangu tuna fowili ya kawaida kabisa, haijaongezwa kitu, tairi ni zile zile za kiwandani. Tunataka njia yenye kila kitu kidogo kidogo, mchanga, mawe, mto, milima, sio jangwa tupu mwanzo mwisho. Ila kila tunayemuuliza anasema kwanza inueni gari, wekeni winchi (mashine ya kujivutia kwa kamba) na difu loku (inayofunga difu ili tairi za pande zote mbili zizunguke pamoja) ndio tuongee. Ni kweli? Na njia yenyewe tunaichaguaje?
*Wawili wa Vumbi*

Sio kweli, na msikate tamaa. Gari la fowili lenye gia ya loo, ile ya nguvu nyingi na mwendo mdogo, lina uwezo mkubwa kuliko mtakaoutumia kwa muda mrefu sana, kitu ambacho wengi hawana ni geji ya upepo na pampu ya kuchomeka kwenye betri, basi. Nawaambia ukweli nimeona watu wana magari ya kutisha yaliyoinuliwa na mataa kila kona yamezama mchangani na upepo wa tairi ni ule ule wa lami, halafu gari la kawaida linawapita pembeni taratibu.

Lami mnatembea na upepo wa psi 35 hivi. Mkiingia kwenye changarawe yenye yale matuta madogo madogo yanayofuatana shusheni mpaka 26 au 28, mtaona hata gari lenyewe linatulia na shokapu hazichemki ovyo. Kwenye mawe 20 hivi. Mchanga 16 mpaka 18, na mkikwama kabisa kwenye mchanga laini mnaweza kufika 12 ila hapo mwendo wa pole na usukani msikate kwa ghafla maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Namba zinabadilika kidogo kulingana na uzito wa gari na mzigo, ila huo ndio mwanzo mzuri. Sababu yake ni kwamba tairi likipungua upepo linalala chini, na watu wanadhani linapanuka kwa upana tu kumbe kinachoongezeka zaidi ni urefu wa ile sehemu inayogusa ardhi, kwa hiyo uzito unasambaa na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwenye mawe linajikunja kufuata jiwe na kulishika, ila kumbukeni ubavu wa tairi nao unatokeza nje zaidi kwa hiyo angalieni ncha kali za pembeni. Na mkirudi barabara ngumu jazeni kabla hamjaongeza mwendo, tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linachemka mpaka linapasuka.

Sasa kuchagua njia. Njia iliyochanganyika ni ngumu kuliko ya aina moja, sio kwa sababu kila kipande ni kigumu, ni kwa sababu kila ardhi ikibadilika na nyinyi inabidi mbadilike, mshuke, mpime, mbadilishe upepo, mbadilishe gia, na mtu akichoka anaanza kuruka hizo hatua. Msichague kwa kuangalia picha ya sehemu nzuri. Ulizeni sehemu mbaya kuliko zote iko wapi, na je tukifika pale tukashindwa tunaweza kugeuza? Mfano Van Zyl's Pass kule Namibia inateremkwa tu kutoka mashariki kwenda magharibi, ukishaanza mawe yale ya mteremko kurudi juu sio jambo la kutegemea, kwa hiyo uamuzi unafanyika kabla ya kuanza. Tofauti na White Rim kule Utah, Marekani, mzunguko wa kilomita 160 hivi ambao kwa sehemu kubwa fowili ya kawaida yenye nafasi ya kutosha chini inapita, ina vipande vichache vya mwinuko na mchanga, ila lazima mpate kibali kwanza hata mkienda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa wanaoanza, njia ya namna hii ndiyo ninayoipenda.

Na acheni kuhesabu kilomita, hesabuni saa. Rubicon Trail ya California ni kilomita kama 35 tu na watu wanalala njiani kwa sababu ni majabali juu ya majabali. Kwa upande mwingine kuna Canning Stock Route ya Australia, karibu kilomita 1,850 kutoka Wiluna mpaka Halls Creek, matuta ya mchanga kwa mamia, na katikati huko pa kujaza mafuta ni kama Kunawarritji. Mchangani gari linaweza kunywa mafuta nusu zaidi ya kawaida yake au hata kupita hapo, kwa hiyo mtu akipiga hesabu za lami anaishia porini. Tena kwenye majani makavu ya kule kagueni chini ya gari mara kwa mara, majani yanajikusanya karibu na eksozi na magari yameungua kwa hilo.

Kuhusu gia, fowili kwa ardhi inayoteleza tu, msikimbie nayo lami kama gari halina senta difu (difu ya katikati inayoruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti), mnabana shafti na difu bure. Loo mnaiingiza kabla ya kipande kigumu, sio katikati mkiwa mmeshakwama. Mteremko mkali ni loo na gia ya kwanza, injini ndio inazuia gari, mguu kwenye breki uwe mwepesi mno, na msikanyage klachi. Mwinuko ukiwashinda katikati msijaribu kugeuza kiubavu, hapo ndipo magari yanapobiringika, wekeni rivasi ya loo mshuke nyuma nyuma mkiwa mmenyooka.

Shikamoo. Naogopa mito kuliko kitu chochote. Mume wangu anasema tukiweka snokeli tunapita popote. Mimi naona kama sivyo. Nani yuko sahihi?
*Mama wa Kiti cha Mbele*

Marahaba dada, na uko sahihi wewe. Snokeli inapandisha mahali injini inapovutia hewa, haizuii gari kuelea wala kusukumwa. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, hata haya makubwa, na gari likishaanza kuelea tairi hazishiki kitu na dereva amekuwa abiria.

Kitabu cha gari lenu kimeandika kina cha mwisho cha maji, someni, na hicho kina ni cha maji yaliyotulia. Kabla ya kuingia mtu avuke kwa miguu na fimbo, apime kina, aguse chini kama ni mawe au tope, aangalie pa kutokea upande wa pili. Kama maji ni makali kiasi kwamba mtu hawezi kuvuka kwa miguu, au kuna mamba, basi gari nalo halivuki, subirini au rudini. Kusubiri kunasaidia kuliko watu wanavyofikiri, kwa mfano njia za milimani Aisilandi zile zenye herufi F zinakatisha mito inayotoka kwenye barafu, mchana jua likiyeyusha barafu maji yanapanda, kwa hiyo wenyeji wanavuka asubuhi mapema.

Jambo ambalo wengi hawalijui, difu ikiwa ya moto ukaiingiza ghafla kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia kwenye sili. Simameni kwanza ipoe. Ingieni na loo, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa kutembea kwa haraka kidogo, ili wimbi likae mbele ya bampa, msibadilishe gia katikati. Na injini ikizimikia majini, tafadhali mwambie mume wako asipige stata tena. Maji hayabanwi kama hewa, yakiwa ndani ya silinda konrodi inapinda na injini imekwisha hapo hapo. Mkishavuka, jioni kagueni mafuta ya difu, yakiwa na rangi ya maziwa yana maji, yamwagwe yawekwe mengine.

Mkuu nina hela ya kitu kimoja tu, winchi au difu loku?
*Mwenye Haraka*

Hakuna hata kimoja kwa sasa. Nunua koleo, mbao za kuwekea chini ya tairi, kamba nzuri ya kuvutia ile inayovutika, pingu zake (vyuma vya kuunganishia kamba na gari), na pointi imara za kufungia mbele na nyuma zilizofungwa kwenye chesisi. Na nakuomba sana kamba hiyo usiifunge kwenye ile bolu ya kuvutia trela. Bolu ikikatika inaruka kama risasi, watu wamekufa kwa hilo Australia. Wote wasiohusika wasimame mbali, kamba iwekewe kitu kizito juu yake katikati. Ila kabla hujafika huko shusha upepo, chimba mbele ya tairi, mara nyingi gari linatoka lenyewe.

Kwenye njia tunayokwenda kuna madimbwi makubwa ya tope, na mbele kuna uwanda wa chumvi. Wenzangu wanasema tope tulizunguke na kwenye chumvi tujiachie maana ni tambarare. Unashauri nini?
*Dereva wa Nyuma*

Yote mawili nayapinga. Kila gari linalozunguka dimbwi linapanua njia, la pili linazunguka mbali zaidi, baada ya msimu mmoja njia ya mita tatu imekuwa ya mita thelathini na majani hayaoti tena. Kule Canyonlands ilipo White Rim udongo wenyewe una utando hai juu yake na alama ya tairi moja inakaa miaka na miaka. Aisilandi kutoka nje ya njia ni kosa la kisheria. Njia zinafungwa kwa sababu ya hili na wakifunga wanafungia wote, hata sisi tuliokaa kwenye mstari. Pima tope kwa miguu, kama chini ni pagumu pita katikati, loo gia ya pili, mwendo ule ule bila kusimama, usukani ucheze kidogo kidogo kulia kushoto tairi zitafute pa kushika. Kama fimbo inazama bila kugota, mrudi au msubiri pakauke.

Uwanda wa chumvi nao unadanganya sana. Makgadikgadi kule Botswana juu panaonekana pagumu peupe, ila ni ganda tu, chini yake kuna tope, na gari likitoboa ganda linakaa kwenye chasisi, hakuna mti wa kufungia winchi wala jiwe la kuwekea jeki. Fuateni alama za magari yaliyopita karibuni, mkikosa alama kaeni pembezoni, msiende gari moja, na mvua ikiwa imenyesha siku hizo msiingie kabisa. Magari mawili yaachiane nafasi ya kutosha ili la mbele likizama la nyuma libaki pagumu, na wewe uliyejiita Dereva wa Nyuma kamba na koleo zikae kwenye gari lako.