PC kuzima ghafla kwenye gemu na video
Mkuu, umeuliza kwa nini PC yako inazima ghafla ukiwa kwenye gemu na video. Kama inazima pwaa! bila skrini ya bluu (ile ya hitilafu ya Windows), usikimbilie kupiga Windows upya. Anza na joto. Weka HWiNFO (programu ya kusoma joto la PC), cheza gemu dakika 15, soma namba: prosesa ikigonga nyuzi 95–100 za Selsiasi, huenda mchawi umeshampata. Na hapo Raskazone, Tanga, ulipo, unyevu wa bahari hugandisha vumbi kwenye mapezi ya hitisinki (chuma kinachopoza prosesa) hadi linakuwa kama blanketi. Blowa peke yake hailing'oi. Chomoa waya wa umeme, zuia feni isizunguke, sugua kwa brashi laini, kisha futa pesti kuukuu ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na hitisinki, na uweke mpya, kiasi cha punje ya njegere tu.

Joto likiwa sawa, mshukiwa ni pawasaplai (boksi linaloipa PC umeme). Usiamini "500W" ya ubavuni. Tafuta kwenye lebo ampea za laini ya volti 12, zidisha kwa 12; za bei chee unaweza kukuta hazifiki hata wati 300. Kadi ya picha yenye matundu mawili ya umeme ipe nyaya mbili tofauti, sio moja yenye vichwa viwili.

Ikiganda kwenye video tu, gemu zikienda, hiyo mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha (programu inayoiendesha kadi). Ifute, weka mpya.