Sijamgusa, namuwaza tu

*"Shangazi, nimeolewa miaka minane. Nina rafiki wa kiume tunayefanya kazi pamoja. Hatujawahi kugusana, lakini nikilala namuwaza: tunasafiri, tunacheka, ananifungulia mlango wa nyumba yetu. Najua naye anajisikia hivyo, macho yake yanasema. Mume wangu ni mtu mzuri tu, ila hana maneno. Juzi aliniuliza nacheka nini na simu, nikamwambia ni kichekesho tu. Rafiki yangu nimemhifadhi kama Fundi Friji ili kuepusha maswali. Je, nimwambie rafiki huyu ukweli nitue mzigo?"*

Pole, binti yangu. Moyo hauombi ruhusa, na kuwaza usiku kucha kunachosha. Pole yangu imeishia hapo.

Unasema hamjawahi kugusana. Sasa huyo Fundi Friji ni nani? Mwenye dhamira safi habatizi watu majina mapya. Halafu, asiyekuwepo na lake halipo, basi leo mumeo nitamsemea mimi. Unalalamika hana maneno, na papo hapo unanieleza alikuuliza unacheka nini. Huyo alikuona umefurahi, akataka kuingia. Ukamfungia mlango. Ningekuwa yeye, ningenyamaza pia.

Na hayo macho yanayosema, mkalimani ni wewe peke yako. Katika kitabu chake cha mwaka 1979, mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, aliiita hali hii ya kutekwa na mtu mawazoni limerensi, na alieleza kwamba chakula chake ni tumaini lililochanganyika na mashaka. Ndiyo maana anayejibu meseji mara upesi, mara baada ya siku mbili, anakuteka kuliko anayerudi nyumbani kila jioni. Yule wa kichwani haugui, hanuni, hasahau kulipa ada. Mumeo anashindanishwa na kivuli, na hajui hata kama yuko mashindanoni! Ndoa nyingi za siku hizi zinaliwa hivi hivi: hakuna aliyefumaniwa, ila wawili wamelala kitanda kimoja, kila mmoja na kioo chake usoni, halafu wanakuja kwangu kuuliza mapenzi yamekwenda wapi. Usiache mbachao kwa mswala upitao.

Kumwambia huyo rafiki? Hapana. Huo si kutua mzigo, ni kumtwisha mwenzio ukingoja jibu. Akikataa, mtakutana kazini kila asubuhi mkikwepana. Akikubali, ndipo utakapojua mzigo ni nini.

Wala usijiapize kwamba kuanzia leo humuwazi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, alirudi kwa nguvu kuliko kwa wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo wazo likija usipigane nalo, limalizie. Ndoto yako huwa inakatika pale mlango unapofunguliwa, si ndiyo? Ingia ndani. Chukua karatasi, dakika 20, mchana na si kitandani, uandike mwaka wa tatu wa nyumba hiyo: amekasirika, mnadaiwa kodi, mama yake amekuja kukaa, naye amehifadhi jina la dada fulani kama Fundi Bomba. Kisha chana karatasi, maana ikionekana utakuwa na kesi nyingine.

Meseji zenu ziwe za kazi, ndani ya saa za kazi. Zile za zamani unazozisoma usiku, futa. Mazungumzo ya ana kwa ana yawe mbele za watu. Usimwandikie barua ya kuaga ukieleza kwa nini unajitenga. Hiyo ni barua ya mapenzi iliyovaa kanga nyeusi. Punguza kimyakimya.

Siku za mwanzo utazidiwa, usidhani dawa imekataa. Hatari yenyewe inakuja baadaye, umeshaanza kupoa, halafu simu inalia: "Mbona kimya?" Ukijibu kwa maneno matamu, unaanza upya, tena pabaya zaidi, kwa sababu kitu kinachopatikana kwa kubahatisha ndicho kigumu kuachwa. Andaa jibu mapema: "Kazi nyingi, uko salama?" Basi.

Mumeo usimsimulie ndoto moja moja, utamjeruhi bure. Mwambie unachokosa, kwa jina lake: "Nataka tuongee nusu saa kila jioni, simu zikiwa chumba kingine." Atababaika siku chache za kwanza, maana mmeacha kuongea muda mrefu, na pengine ataanza na habari za gari. Sikiliza za gari.

Leo kabla hujalala rudisha jina la rafiki yako kwenye simu, lile alilopewa na wazazi wake. Na mumeo akiuliza tena unacheka nini, msomee hicho kichekesho. Kama hakisomeki mbele yake, umeshajua cha kukifanya.

Shangazi