Ushuhuda Mlioniomba

Bwana Yesu asifiwe, Mama Mchungaji, na shikamoo. Nanyi wanakwaya wa hapo Nkuhungu, salamu nyingi.

Mmeniomba nirekodi dakika tatu za "jinsi Bwana alivyomfungulia dada yetu milango ya Ulaya", zisikilizwe kabla ya mchango wa paa. Nimerekodi mara mbili, nimefuta mara mbili. Tena nasikia kuna aliyesambaza kwamba nina nyumba huku Leeds, Uingereza. Nina chumba, wapendwa, na jiko la kuchangia watu wanne. Basi naandika.

Kazi mnaijua, kuosha wazee. Baridi mmeshasimuliwa. Mimi kilichonivunja ni makaratasi.

Huku kibali chako kimefungwa kwa mwajiri kama mbuzi kwenye mti. Mwaka juzi mwajiri wangu alinyang'anywa leseni ya kudhamini wageni. Kosa lake, lakini barua ilikuja kwangu: siku 60, pata mdhamini mwingine au uondoke. Nilimpata siku ya 51, nikapeleka maombi. Kuanza kazi mpya huruhusiwi mpaka jibu litoke, na ukivuka mpaka wakati unasubiri, maombi yamekufa. Wiki ya tatu ya kusubiri, mama akafariki.

Nilimzika kwa simu, nimesimama jikoni. Kaka alisahau kuigeuza, nikawa naona viatu vya watu na udongo wa Mvumi. Shangazi mmoja akasema, "Huyo ameshakuwa Mzungu, anabana hela." Simu ilikuwa hewani, shangazi.

Wiki ile karibu wote mlinitumia Yeremia 29:11, yale mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nilikasirika, nisiwafiche. Nikafungua Biblia aliyonipa mama, nikaisoma sura hiyo tangu mwanzo. Kumbe ni barua kwa mateka walioko Babeli! Mstari wa kumi, ambao hamkuutuma, unawaambia ni miaka 70. Sura ya nyuma yake yupo Hanania, nabii wa uongo, aliyewatangazia watu kule Yerusalemu kwamba miaka miwili tu mambo yatakuwa sawa. Watu hawakosi kumpenda Hanania. Yeremia akawaambia wale mateka wajenge, wapande bustani, wauombee amani mji uleule uliowachukua.

Sikupona siku hiyo. Nilipanda mchicha kwenye ndoo ya rangi dirishani, ukatoka mwembamba kama uzi. Mlenda uligoma kabisa. Lakini asubuhi nilikuwa na kitu cha kumwagilia, na nikaanza kuwaombea kwa majina wazee niliowahi kuwaosha, hata yule aliyekuwa ananitemea mate. Kibali kilitoka baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nimeshaanza kuomba bila kukitaja, na hilo ndilo ninaloliita muujiza, kama lazima niwape mmoja.

Sasa mdogo wangu, wewe uliyenipigia juzi: usije. Tangu Julai 2025 mlango wa kazi ya kulea wazee Uingereza umefungwa kwa wanaoomba wakiwa nje. Anayekudai mamilioni hapo mjini akutafutie "nafasi" ni Hanania mwenye risiti. Usiuze shamba la zabibu la Hombolo, nakuomba. Ila kama ni shule, na barua ya chuo unayo mkononi, njoo, nitakupokea stesheni mwenyewe, utalala kwenye zulia langu. Au kaa tu na baba. Hata sijui nikushauri nini, nimekukumbuka mno.

Mama Mchungaji, rekodi ile ningeituma, ningekuwa Hanania wa Nkuhungu. Bati kumi za paa nitatuma mshahara ukiingia. Barua hii someni yote au msiisome kabisa. Na shangazi akiwepo, mpeni kiti cha mbele.