Maswali ya wasomaji: Video ya wimbo kabla kamera haijawashwa

Safu ya mwezi huu tumeitoa kwa wanafunzi. Barua nne zilizochapishwa hapa zinahusu kazi moja, nayo ni kubuni na kupanga video ya wimbo wa indi popu, yaani popu ya wasanii wanaojitegemea. Tumezifupisha, ila maswali yenyewe hatukuyabadilisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, tuko watano, wanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Tumepewa wiki nne za kutengeneza video ya wimbo wa mwanafunzi mwenzetu. Wimbo una dakika 3 na sekunde 12, kasi yake ni mapigo 120 kwa dakika, una gita, besi, ngoma na sauti ya msichana, na unamzungumzia rafiki aliyehama nyumba ya kupanga bila kuaga. Mmoja wetu anataka hadithi ya wapenzi ufukweni, mwingine anataka bendi ipige juu ya ghorofa, wa tatu anataka droni. Tuna kamera moja ya kuazima, simu mbili na shilingi 150,000. Mwalimu hatatupa kamera mpaka aone faili la mpango. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu wanafunzi, wapenzi, ghorofa na droni viwekeni pembeni kwanza, maana vyote vitatu vingeweza kuwekwa kwenye wimbo wowote, na wimbo wenu una jambo lake. Kaeni pamoja jioni moja, muusikilize mara tatu bila mtu kusema neno, na mara ya nne mshike kalamu muandike kila sehemu inaanza sekunde ya ngapi. Mapigo 120 kwa dakika ni mapigo mawili kwa sekunde. Kwa hiyo fungu la mapigo manne huchukua sekunde mbili, na wimbo wote wa sekunde 192 una mafungu 96. Tuseme kianzio ni mafungu 8: basi ubeti wa kwanza utaanza kwenye sekunde ya 16, na ukiwa na mafungu 16 utakwisha kwenye sekunde ya 48, ambapo kiitikio kinaingia. Endeleeni hivyo hadi mwisho. Jedwali hilo ndilo ukurasa wa kwanza wa faili lenu, na kila mabishano yatakayofuata yatatuliwe juu yake, kwa sababu mtu anayetaka kuingiza tukio la wapenzi wanaogombana, wanaachana na wanarudiana atalazimika kuonyesha ni katika sekunde zipi litatosha.

Baada ya hapo tafuteni wazo moja linaloweza kusemwa kwa sentensi moja na ambalo mtazamaji atalishika mapema, kabla ubeti wa kwanza haujakwisha. Mwaka 2006 kundi la OK Go la Marekani lilijulikana duniani kote kwa video iliyopigwa na kamera moja iliyosimama mahali pamoja, wanamuziki wanne wakicheza juu ya mashine nane za kukimbilia, bila kukata hata mara moja. Vifaa vyake vilikuwa vichache na fedha kidogo. Kilichowagharimu ni mazoezi. Ninaitaja kwa sababu ninyi pia mna muda mwingi kuliko fedha, na muda ndio mtaji ambao wanafunzi wengi huumaliza kwa kubishana.

Wimbo wenu unazungumzia nyumba ya kupanga, na Dar es Salaam imejaa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma. Jengo hilo tayari limepangwa kama wimbo wenu. Kama ningekuwa nanyi mezani ningependekeza hivi: katika ubeti wa kwanza mwimbaji anatembea kwenye korido kutoka barazani kuelekea uani, na kwenye milango tunaona maisha, viatu, ndoo, redio, pazia la mlangoni, mtu anasuka nywele. Kiitikio kinapigwa uani, bendi nzima kati ya kamba za nguo. Katika ubeti wa pili anatembea tena kwenye korido ileile, kamera ikiwa pale pale, lakini mlango mmoja umefungwa na viatu vyake havipo. Mwishoni, gita linapobaki peke yake, tunaona korido tupu kwa mara ya tatu. Hakuna haja ya kumwonyesha rafiki hata mara moja, viatu vimeshasema. Si lazima mlichukue wazo hili. Nimelieleza ili muone jinsi mahali pamoja, vitu vichache na badiliko moja vinavyoweza kubeba dakika tatu bila mtazamaji kuchoka.

Sasa hila moja ya kiufundi, maana hapa ndipo mpango wa karatasi unapookoa siku ya kazi. Korido ya mita 10 haiwezi kutembewa kwa sekunde 32 bila mwimbaji kuonekana kama mgonjwa anayejikokota. Rekodini kwa fremu 50 kwa sekunde, yaani picha tuli 50 kila sekunde, ongezeni kasi ya wimbo mara mbili kwenye spika, mwimbaji atembee na kuimba kwa kasi hiyo kwa sekunde 16, halafu katika uhariri mrudishe picha kwenye fremu 25 kwa sekunde. Midomo itaoana na wimbo wa kasi ya kawaida, lakini mwendo, nywele na mapazia vitaelea kama ndotoni, na hali hiyo inalifaa sana kumbukumbu la mtu aliyeondoka. Mwimbaji lazima ajifunze ubeti kwa kasi maradufu kwa siku kadhaa kabla, na hili liandikwe kwenye ratiba, kwa kuwa nimewahi kukaa kwenye meza ya uhariri na picha nzuri kabisa ambazo hazikuweza kutumika kwa sababu mwimbaji alikuwa akimeza silabi.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu na nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera huona, na picha hutoka na mistari inayopanda na kushuka. Wekeni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1 kwa 50 au 1 kwa 100 ya sekunde na tatizo litakwisha. Simu nyingi hufuata fremu 30 na 60 kwa mazoea ya nchi zenye umeme wa hezi 60. Kama simu zenu haziruhusu 25 na 50, tumieni 60 na 30 kwa hila ileile, ila shata ibaki 1 kwa 100. Jaribuni ndani ya korido yenyewe wiki moja kabla.

Storibodi, yaani michoro ya video nzima kwa mfuatano, haihitaji mchoraji hodari. Chora kisanduku kwa kila shoti, yaani kila kipande kinachopigwa bila kukata, mtu awe mstari na kichwa, mshale uonyeshe kamera inaelekea wapi, na chini yake uandike sekunde za kuanza na kumaliza. Faida yake kubwa hujitokeza mnapovikata visanduku na kuvipanga upya kwa mahali badala ya kwa wimbo: shoti zote za uani pamoja, zote za korido pamoja. Mpango huo mpya ndio ratiba ya siku ya kupiga picha. Kwenye faili ongezeni pia picha za mahali mlizopiga kwa simu saa ileile mtakayofanya kazi, orodha ya vitu vya kuazima pamoja na jina la mwenye navyo, na bajeti. Katika shilingi 150,000 zenu, tengeni kwanza ya chakula na maji ya watu wote. Waigizaji wenu hamuwalipi. Msiwaache na njaa.

Droni, hapana. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wiki nne ni chache, na zaidi ya hayo wimbo wenu umo ndani ya korido.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Mombasa. Mwalimu wetu alituonyesha video za indi popu za Ulaya na Marekani: vyumba vya kulala vyenye taa ndogondogo, rangi za waridi iliyofifia, sweta kubwa. Kundi letu linataka kuiga hivyo hivyo ili tupate alama. Mimi naona aibu kuvaa sweta Mombasa. Je, mwonekano huo ni lazima?

JIBU: Hisia yako ni sahihi, na inafaa ujue sababu ili uweze kuitetea mbele ya wenzako. Neno indi ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Mwanzoni lilihusu kampuni ndogo za kurekodi zisizokuwa chini ya kampuni kubwa. Nchini Uingereza mwaka 1986 gazeti la muziki la NME lilitoa kaseti iliyoitwa C86, ambayo watu wengi huitaja wanapoeleza mwanzo wa sauti hii, na mwaka uliofuata Sarah Records ikaanza kazi mjini Bristol, ikauza santuri ndogo zenye majalada ya kawaida na karatasi zilizoandikwa na wenyewe hadi ilipofunga mwaka 1995. Mwonekano ule ulitokana na watu kutumia vilivyokuwa karibu nao: chumba chao, nguo zao za zamani, mikono yao. Ukiiga sweta umeiga walichokipata. Ukitumia vilivyo karibu nawe umefanya walichofanya.

Mombasa ina nini, basi? Ina kuta zilizopakwa rangi mbili, ya chini nzito na ya juu nyepesi. Ina milango ya mbao, baiskeli, madumu ya maji ya njano, na mitumba ambayo ndani yake utapata shati la miaka ya themanini kwa bei ya chai na mahamri. Na ina kanga, ambayo hakuna mbunifu wa Ulaya aliye na kitu cha kuifananisha nayo, kwa sababu ni vazi lenye rangi, lenye pindo, na lenye maneno. Tahadhari ni kwamba jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, litasomeka kwenye picha, na mtazamaji wa pwani atalisoma kabla hajamtazama mwimbaji. Nendeni dukani na maneno ya wimbo mkononi, mtafute jina linaloujibu wimbo, mnunue doti moja na kuigawa: kipande kimoja kwa mwimbaji, kingine kwenye kamba au dirishani nyuma ya mpiga ngoma. Vipande hivyo viwili vitaunganisha shoti zilizopigwa siku tofauti.

Chagueni rangi tatu tu. Mbili ziwe za mahali penyewe, ambazo hamwezi kuzibadilisha, na ya tatu iwe ya mtu mnayetaka macho yamfuate. Bandikeni vipande vya kitambaa na karatasi kwenye ukurasa mmoja wa faili na mwalimu ataona kwamba mmefikiri. Epukeni mashati ya mistari myembamba, maana kwenye kamera hutetemeka na kutoa rangi zisizokuwepo, na epukeni nyeupe tupu juani.

SWALI: Tuko Nairobi. Tumeupenda wimbo wa bendi maarufu ya nje na tunataka kuutengenezea video kwa mtihani, kisha tuiweke mtandaoni ili watu watuone. Je, tutapata shida?

JIBU: Mtaipata mtakapoiweka mtandaoni. Wimbo mmoja una haki mbili: ya aliyetunga maneno na muziki, na ya mwenye rekodi yenyewe, na mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Tanzania ya mwaka 1999 zote zinazilinda. Mitandao mikubwa huitambua rekodi kwa mashine, nayo huizuia video au kumpa mwenye rekodi mapato yake. Kazi ya darasani inayobaki darasani ni jambo jingine, na chuo chenu kitawaeleza mipaka yake. Lakini kwa nini mjitaabishe? Tafuteni kijana wa chuo chenu au wa mtaani mwenye wimbo wake mwenyewe, aandike barua fupi ya ruhusa na kuitia sahihi. Atakuja kwenye mazoezi, jambo ambalo bendi maarufu haitalifanya, na ninyi na yeye mtakuwa mmepata kazi ya kuonyesha.

SWALI: Tutapiga picha nje Jumamosi moja tu, kuanzia asubuhi hadi jioni. Tupange vipi mwanga, na tunahitaji ruhusa za nani?

JIBU: Hapa kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima na kushuka wima. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri liko juu mno, macho ya mwimbaji yanakuwa mashimo meusi na pua inaangusha kivuli mdomoni. Anzeni nje saa kumi na mbili na nusu, maliza nje saa tatu, kisha ingieni ndani au chini ya mti mkubwa kwa shoti za mikono, vyombo na nyuso za karibu. Rudini nje saa kumi. Mwanga wa dhahabu wa jioni unadumu kama nusu saa tu, hivyo shoti mnazotaka kuzipata wakati huo zisizidi mbili, na ziwe zimefanyiwa mazoezi adhuhuri mahali palepale. Ndani ya nyumba fungueni milango yote, na mtu mmoja ashike shuka jeupe kando ya kamera kurudisha mwanga usoni.

Spika iwe karibu na mwimbaji. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 34 mbali humfikia kwa kuchelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambayo ni fremu mbili na nusu, na jicho linaona. Kabla ya kila rudio la shoti pigeni makofi mara moja mbele ya kamera, ili picha na sauti zioanishwe kwa urahisi. Mhariri wenu atawashukuru.

Kuhusu ruhusa, pateni barua ya chuo, mwende nayo kwa mwenye nyumba, kwa wapangaji wenyewe na kwa ofisi ya serikali ya mtaa. Nchini Tanzania kibali cha kupiga picha hutolewa na Bodi ya Filamu, basi chuo kiulize mapema kazi yenu inahesabiwaje. Pantoni, vituo vya treni na majengo ya serikali viacheni kabisa kama hamna karatasi. Watoto wakitaka kuonekana, na watataka, mzazi aulizwe kwanza, kisha wapewe kazi ya dakika tano mwanzoni kabisa mwa asubuhi, kabla hamjaweka kamera kwenye shoti ngumu.