Vali ya moyo: ya chuma au ya tishu kwa anayesafishwa damu?

Dada, pole na mzee. Kwa mtu wa miaka 66 anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki hapo Moshi, ningechagua vali (mlango wa damu ndani ya moyo) ya tishu, yaani ya ng'ombe au nguruwe. Ni kweli figo zikifeli kalsiamu na fosfeti huvurugika, na vali hiyo hukakamaa mapema. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa 1998 ulipendekeza ya chuma. Ule wa 2006 ukaliondoa pendekezo hilo, kwani wenye chuma hawakuonekana kuishi zaidi, ila kuvuja damu ndiyo walivuja zaidi.

Chuma ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) 2.5 hadi 3.5 kwa vali ya mitrali, ile ya upande wa kushoto kati ya vyumba viwili vya moyo, na juu yake heparini, dawa nyingine ya aina hiyo inayotumika kwenye mashine ya kusafishia damu. Vipimo vikirukwa, ama damu inamtoka tumboni ama vali inaganda. Vile vidonge vipya visivyohitaji INR haviruhusiwi kwenye chuma. Kijana anayengoja kupandikizwa figo, hesabu yake ni nyingine.

Kabla hamjashuka Dar kwa upasuaji, meno mabovu yatibiwe. Kama bado ana katheta (mrija wa kusafishia damu) shingoni, ulizeni fistula ya mkononi, yaani mishipa ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji: bakteria wa katheta huvamia vali mpya, iwe chuma au tishu.