Meneja anamnyanyasa mwenzako: aanze na maandishi

Dada, umeuliza umsaidieje mwenzako anayetukanwa na meneja mbele ya wateja na kutishiwa kufukuzwa. Mpe pole.

Kwanza mzuie asiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Mara nyingi meneja wa aina hiyo anaisubiri hiyo hiyo. Aandike kila tukio: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Meseji azihifadhi nje ya simu ya ofisi. Nawe kubali kuwa shahidi kwa jina lako, maana kumfariji pembeni tu hakutoshi. Ila usimkabili meneja bila ridhaa ya mwenzako, atakayeumia ni yeye.

Kisha apeleke malalamiko ya maandishi kwa ofisa rasilimali watu, abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kama kuna chama cha wafanyakazi, aende na kiongozi wake.

Ikishindikana, hapa Tanzania kuna CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Akiachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro. Migogoro mingine ni siku 60. Sheria ya Ajira ya 2004 inamtambua hata aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri kafanya isivumilike, lakini hapo atatakiwa athibitishe, na yale maandishi ndiyo yatakayombeba.